Modeli Moja ya Piano, Makala Yake Peke Yake? Mwongozo Kamili kwa Mhariri wa Wikipedia

Piano ya Steinway modeli D ina urefu wa sentimita 274 na uzito unaokaribia nusu tani. Ingia katika ukumbi mkubwa wa muziki New York, Berlin au London, na mara nyingi ndiyo utakayoikuta pembeni mwa jukwaa ikisubiri kuvutwa katikati. Sasa, je, piano hii inastahili makala yake katika kamusi elezo, au zinatosha aya mbili ndani ya makala ya kampuni inayoiunda?

Swali linaonekana dogo mpaka ukeshe nalo kwenye ukurasa wa majadiliano. Mimi nimekesha nalo, na nilianza kwa kushindwa. Makala yangu ya kwanza kuhusu ala ya muziki ilikuwa na aya sita, picha nzuri na tanbihi tisa. Mhariri mmoja mwenye subira alizifungua tanbihi zile moja baada ya nyingine. Saba ziliishia kwenye tovuti ya mtengenezaji, mbili kwa muuzaji wake. Wiki haikuisha, makala ikafutwa. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu niliisoma upya nakala niliyokuwa nimehifadhi, nikaona kweli: lilikuwa tangazo la biashara lililovishwa joho la msomi.

Nilichojifunza tangu siku hiyo ndicho hiki hapa. Nitatumia piano za jukwaani, zile kubwa kabisa za ukumbini, kama mfano kwa sababu ndizo nilizozichimba zaidi, ila njia ni hii hii hata kwa modeli ya gari, simu au cherehani.

Hatua ya 1: Jua unaandika kuhusu kitu gani

Mabishano mengi huzaliwa hapa, kabla hata ya kufika kwenye vyanzo. Kuna ngazi tatu, na watu huzichanganya bila kujua.

Ngazi ya kwanza ni kampuni. Steinway & Sons ilianzishwa New York mwaka 1853 na Mjerumani aliyehamia huko, Heinrich Steinweg, ambaye baadaye alijiita Henry Steinway. Hakuna anayebisha kwamba kampuni hii inastahili makala. Ngazi ya pili ni modeli: muundo wenye jina lake, vipimo vyake na historia yake, unaorudiwa katika mamia au maelfu ya piano. Ngazi ya tatu ni chombo kimoja, piano moja yenye namba yake, iliyopita mikononi mwa watu fulani na kupatwa na mambo fulani.

Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, aliipenda piano moja ya modeli D yenye namba CD 318 kama mtu anavyompenda farasi wake. Mwaka 1971 iliangushwa ikiwa safarini, na haikuwahi kurudi kama ilivyokuwa. Mpiga piano Vladimir Horowitz naye alikuwa na CD 503, akasafirishiwa hadi Moscow kwa ajili ya onyesho lake la Aprili 1986, lile alilorudi nalo katika nchi aliyoiacha ujanani. Hadithi tamu zote mbili. Lakini ni za CD 318 na CD 503. Zinaweza kuingia katika makala ya modeli kama mifano, ila haziwezi kuwa nguzo yake, kwa sababu kilichowavutia waandishi ni mtu na chombo chake, si muundo wa modeli D.

Kwa hiyo kabla hujaandika lolote, andika sentensi moja tu kwenye karatasi: “Makala hii inahusu…” Ukishindwa kuimaliza bila kutaja kampuni au mwanamuziki, simama kidogo.

Hatua ya 2: Elewa kanuni ya umaarufu, na mtego uliomo ndani ya neno lenyewe

Kanuni hii ndiyo huamua kitu gani kinastahili makala; kwa Kiingereza huitwa “notability”. Sisi tumelitafsiri wazo hili kwa neno “umaarufu”, na neno hilo limetuponza. Msomaji akilisikia anafikiri swali ni: je, kitu hiki kinajulikana? Kina sifa? Ni ghali? Hapana. Swali ni: je, watu wasio na maslahi nacho wamekaa chini wakaandika juu yake kwa kirefu, mahali panapoaminika?

Vipande ni vitatu na vyote lazima viwepo. Habari iwe ya kina, yaani mwandishi ameizungumzia modeli yenyewe, hakuitaja tu kwa kupita. Chanzo kiwe huru, yaani aliyeandika hakulipwa na kiwanda, haiuzi piano hiyo, wala hakunakili taarifa ya kiwanda kwa vyombo vya habari. Na chanzo kiwe cha kuaminika: kuna mhariri, kuna mchapishaji, kuna mtu wa kuwajibika kukiwa na kosa.

Wikipedia ya Kiingereza imeongeza ukali kwa bidhaa za kibiashara. Kawaida yake ni kwamba habari za bidhaa hukaa ndani ya makala ya kampuni, na hutengwa pale tu bidhaa yenyewe inapokuwa na vyanzo vyake vya kutosha. Umaarufu haurithiwi. Kampuni kuwa na jina hakuipi kila modeli yake jina, kama ambavyo mtoto wa mshairi hazaliwi na diwani mkononi. Kila Wikipedia hujiwekea kanuni zake, na ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina wahariri wachache na kanuni fupi zaidi. Wengine huchukulia ufupi huo kama mlango wazi. Mimi naona kinyume: tukiwa wachache, kila makala dhaifu ni mzigo ambao hakuna atakayerudi kuubeba.

Hatua ya 3: Kusanya vyanzo, kisha uvipange kwenye mafungu

Usianze kuandika. Anza kukusanya. Fungua faili moja, na kila chanzo unachokipata kiandikie mistari mitatu: nani aliandika, analipwa na nani, na amesema maneno mangapi kuhusu modeli hii hasa. Mstari wa tatu ndio unaoua makala nyingi.

Fungu la kwanza ni vitabu vya watu wa nje. Kwa modeli D hapa kuna utajiri. James Barron, mwandishi wa New York Times, alifuatilia piano moja ya modeli D, K0862, tangu mbao zake zilipokunjwa kiwandani Queens, na kitabu chake kikatoka mwaka 2006. Zingatia kwamba yeye anahusu chombo kimoja, lakini safari nzima ni maelezo ya jinsi modeli hiyo inavyoundwa, nani anafanya nini, na kwa nini. Hicho ni kina. Katie Hafner aliandika kuhusu CD 318 ya Gould mwaka 2008. Humo unapata mengi kuhusu modeli, lakini itabidi uchambue kipi ni cha modeli na kipi ni cha piano ile peke yake. Mwanahistoria Richard Lieberman alitoa historia ya kampuni kupitia Yale University Press mwaka 1995, na ndani yake modeli hii hujitokeza katika mapigano ya kibiashara ya karne ya 19.

Fungu la pili ni magazeti na majarida. Hapa jihadhari sana. Habari nyingi za piano mpya gazetini ni taarifa ya kiwanda iliyobadilishwa kichwa. Njia rahisi ya kuigundua: chukua sentensi moja yenye maneno ya pekee, itafute mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Ukiipata neno kwa neno katika magazeti manne, una chanzo kimoja, na si huru.

Fungu la tatu ni hati za hataza, yaani zile za kusajili haki ya uvumbuzi. Steinway ilisajili mfumo wa nyuzi kupishana ndani ya piano ya kulala (ile yenye kifuniko cha kuinua) mwaka 1859, na mwaka 1872 mfumo wa kuziacha ncha za nyuzi nazo zivume. Hati hizi ni za kweli na ni dhahabu kwa maelezo ya ufundi. Ila zimeandikwa na mwenye uvumbuzi mwenyewe. Zitumie kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi. Usizitumie kuthibitisha kwamba dunia ilijali.

Fungu la nne ni kiwanda chenyewe na marafiki zake: tovuti, vijitabu vya mauzo, maduka, na orodha za wanamuziki wanaoitangaza chapa. Steinway husema kwamba zaidi ya tisa kati ya kila wapiga piano kumi wanaosimama na okestra huchagua piano zake. Huenda ni kweli. Lakini aliyehesabu ni muuzaji. Ukitaka kuitumia hesabu hiyo andika wazi kwamba ni kampuni inayosema, na usiihesabu upande wa umaarufu hata kidogo.

Chanzo si lazima kiwe cha Kiswahili, wala si lazima kiwe mtandaoni. Kitabu kilichoko rafuni mwa maktaba kinatosha mradi utaje ukurasa. Ukiwa na akaunti yenye umri wa miezi 6 na hariri 500, yaani umebadilisha kurasa mara 500, na bado unahariri kila mwezi, Maktaba ya Wikipedia inakufungulia bure majarida ya kitaaluma ambayo wengine hulipia. Wahariri wengi wa Afrika Mashariki ninaozungumza nao hawajui kwamba wana haki hiyo, na wengine walishavuka hariri 500 miaka mingi iliyopita.

Hatua ya 4: Jaribio la kalamu nyekundu

Hili ndilo jaribio ninalolitegemea kuliko kanuni zote. Andika aya tatu za rasimu kwa haraka, usijali uzuri. Kisha chukua kalamu nyekundu na ufute kila sentensi ambayo aliyeisema kwanza ni kiwanda. Kila sentensi, bila huruma. Tazama kilichobaki.

Tuseme rasimu yako kuhusu piano nyingine inasomeka hivi: “Piano hii imeundwa kwa mbao bora zilizochaguliwa na mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi. Ina sauti yenye rangi nyingi na nguvu ya kujaza ukumbi wowote. Ina funguo 88, pedali tatu na urefu wa sentimita 275. Wapiga piano mashuhuri duniani wameichagua.”

Sentensi ya kwanza ni kijitabu cha mauzo. Inaondoka. Ya pili ni sifa. Nani alisikia, ukumbi gani, lini? Inaondoka. Ya tatu ni vipimo. Inaweza kubaki, lakini funguo 88 na pedali tatu ni za karibu kila piano ya jukwaani duniani, kwa hiyo kilichobaki kwa kweli ni namba 275. Ya nne haina jina la mtu hata mmoja. Umebakiwa na kipimo cha urefu. Hiyo si makala, ni mstari mmoja wa jedwali ndani ya makala ya kampuni, na hapo ndipo panapoufaa.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa modeli D. Futa kila kilichosemwa na kiwanda, na bado unabaki na piano kubwa ya maonyesho iliyotangulia, iliyopelekwa katika Maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876. Modeli iliyochukua herufi D mwaka 1884. Viwanda viwili, New York na Hamburg (cha Hamburg kilifunguliwa 1880), vinavyounda modeli moja kwa sura mbili, za New York zikiwa na mabega ya pembe na za Hamburg mabega ya mviringo na vanishi inayong’aa kama kioo. Mabishano ya miaka mingi ya wapiga piano kuhusu ipi inaimba vizuri zaidi. Na vitabu vizima vya watu wasiolipwa na kampuni. Nyama ipo, na inatosha kuiva katika sufuria yake yenyewe.

Hatua ya 5: Linganisha na modeli jirani

Usiamue kwa kuitazama modeli moja. Weka nne au tano mezani, uone ipi inasimama na ipi inaegemea.

Imperial ya Bösendorfer, kampuni iliyoanzishwa Vienna mwaka 1828, inasimama bila kushikwa mkono. Ina urefu wa sentimita 290 na funguo 97 badala ya 88. Funguo za ziada ziko upande wa besi, zimefunikwa kwa rangi nyeusi ili mpigaji asipotee akitupa jicho chini. Inasimuliwa kwamba mtunzi na mpiga piano Ferruccio Busoni, aliyekuwa akihamishia kwenye piano kazi za Bach za ogani, ndiye aliyezitaka sauti hizo za chini ambazo ogani inazo na piano haina. Hapa kuna tofauti ya muundo inayoonekana kwa macho, kuna sababu ya kimuziki, na kuna mjadala wa kweli wa wanamuziki: kwamba hata funguo zile zisipoguswa, nyuzi zake hutikisika pamoja na nyingine na kunenepesha sauti. Modeli ikiwa na swali ambalo watu wa nje wanabishania, huwa ina makala.

Lakini hata Imperial ina mtego wake. Tarehe 24 Januari 1975 mpiga piano wa Marekani Keith Jarrett alipiga mjini Köln, Ujerumani, onyesho ambalo rekodi yake imekuwa miongoni mwa rekodi za piano zinazouzwa zaidi katika historia. Katika karibu kila simulizi ya usiku ule utalikuta jina la Bösendorfer Imperial. Kwa nini? Kwa sababu ndiyo aliyoiomba na hakuipata. Aliwekewa piano ndogo zaidi, mbovu, akalazimika kuikwepa besi yake na kubuni muziki mwingine kabisa. Mhariri mwenye haraka atakusanya makala ishirini za Köln na kuziweka chini ya Imperial. Zote ni za kutajwa kwa kupita. Piano yenyewe haikuwepo jukwaani!

Twende Italia. Fazioli ilianza mwaka 1981 Sacile, na F308 yake ina urefu wa mita 3 na sentimita 8, kubwa kiasi kwamba watu hutaka kuiandikia makala kwa urefu wake tu. Nimeshawahi kusoma hoja ya kuitetea iliyokuwa na nguzo mbili: ushindi wa Bruce Liu katika shindano la piano la Chopin la Warsaw mwaka 2021, na kisa cha mpiga piano Angela Hewitt, ambaye piano yake ya Fazioli iliangushwa na wabebaji mwanzoni mwa 2020 ikavunjika isiweze kutengenezwa. Hoja nzuri, isipokuwa Liu alipiga F278, na piano ya Hewitt nayo ilikuwa F278. Zote mbili ni za modeli nyingine! Toa hizo, F308 inabaki na urefu wake. Hukumu yangu: sehemu yenye aya mbili ndani ya makala ya Fazioli, mpaka atokee mtu wa nje aliyeiandikia F308 yenyewe. Na kama kuna modeli ya nyumba hiyo inayokaribia kustahili, ni F278 ambayo hakuna anayeizungumzia kwa sababu haina urefu wa ajabu.

Yamaha CFX ilinitesa zaidi. Ilitoka mwaka 2010, na mwaka huo huo Yulianna Avdeeva akashinda shindano la Chopin akiwa ameichagua. Waandishi wengi waliona hapo alama ya mwisho wa utawala wa chapa moja jukwaani, na hilo ni jambo la kihistoria. Lakini ukisoma kwa makini, mada yao ni Yamaha kushindana na Steinway, au ni Avdeeva. Nilipopitisha kalamu nyekundu nilibaki na aya moja nzuri na nusu aya. Ningeiweka ndani ya Yamaha kwa sasa. Mwenzangu mmoja tunayehariri naye anaona inatosha kusimama, na sikumwona mjinga. Hapa ndipo wahariri wawili waaminifu wanaweza kutofautiana.

Hatua ya 6: Angalia nyumba ina msingi kabla ya kujenga ghorofa

Hili linatuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Makala kuwepo katika Kiingereza au Kijerumani si hoja ya umaarufu. Ni dalili tu kwamba pengine vyanzo vipo. Na hata vikiwepo, jiulize msomaji wetu anafika hapo akitokea wapi. Mwanafunzi wa sekondari Mwanza akisoma juu ya modeli D, atabofya “piano”. Je, atakuta makala inayomweleza kwamba Bartolomeo Cristofori aliibuni Firenze karibu na mwaka 1700, na jinsi nyundo inavyopiga uzi kisha ikaachia? Au atakuta mbegu, yaani makala changa ya mistari mitatu?

Utaratibu wangu ni huu: kwanza makala ya piano iwe imara, kisha ya kampuni, ndani ya kampuni sehemu ya modeli, na mwisho kabisa modeli kujitenga. Ukiruka ngazi unapata makala yenye viungo vyekundu (vya kurasa ambazo hazipo) kila upande, yatima.

Ukitafsiri kutoka lugha nyingine, taja katika muhtasari wa hariri yako ni makala ipi ya lugha ipi; leseni ya Wikipedia inadai hivyo. Na tafadhali usiimwage tafsiri ya mashine ukaondoka. Niliwahi kukuta “piano kuu” iliyokuwa na “watendaji” badala ya nyundo na funguo. Msomaji gani atarudi?

Hatua ya 7: Chagua maneno

Kiswahili kina neno “kinanda”, la zamani na tamu, lakini limebeba mizigo mingi. Katika pwani lilikuwa jina la ala ya nyuzi za kukwanyua, makanisani likawa ogani na harmoniamu, na leo wengi huita kinanda hata kibodi ya umeme. Kwa makala ya modeli tumia “piano”, na ulitaje “kinanda” mara moja ili anayetafuta kwa neno hilo afike. Ile iliyolala na kifuniko cha kuinua iite piano ya kulala, ile ya ukutani piano ya kusimama, na ile kubwa kabisa ya ukumbini piano ya jukwaani. Ukieleza mara moja mwanzoni, msomaji atakufuata.

Jina la makala liwe jina ambalo vyanzo vya nje hulitumia zaidi. Modeli hii huitwa D, Model D na D-274. Chagua moja, na yaliyobaki yageuze kurasa za kuelekeza, zinazompeleka msomaji moja kwa moja kwenye makala.

Hatua ya 8: Andika

Sentensi ya kwanza iseme ni nini, cha nani, tangu lini. Kwa mfano: “Steinway D ni modeli ya piano ya jukwaani inayoundwa na kampuni ya Steinway & Sons katika viwanda vyake vya New York na Hamburg; imekuwa na jina hilo tangu mwaka 1884.” Hakuna “maarufu”, hakuna “ya kipekee”. Kama ni maarufu, habari zitajionyesha.

Kisha historia, na hapa kaa. Eleza kilichokuwepo kabla yake, kwa nini kumbi zilikuwa zinakua na piano za fremu ya mbao hazikutosha, na jinsi fremu ya chuma ya kusubu ilivyoruhusu nyuzi kuvutwa kwa nguvu ya karibu tani 20. Msomaji asiyewahi kuona piano ya kulala akifunguliwa kifuniko chake kwa maneno ataelewa kwa nini chombo hiki kina uzito wa ng’ombe dume.

Vipimo viweke kwenye jedwali, uendelee. Bei usiiandike, au ukiiandika itaje na mwaka na nani aliiripoti, maana mwaka ujao itakuwa uongo. Piano mashuhuri mojamoja, kama za Gould na Horowitz, zipe aya fupi. Malalamiko nayo yaingie: makala isiyo na mtu hata mmoja anayelalamika huwa imeandikwa na muuzaji, au na mtu aliyemsoma muuzaji peke yake. Gould huyo huyo, aliyeshikamana na Steinway miaka mingi, alirekodi upya kazi yake mashuhuri zaidi ya Bach mwaka 1981 akitumia Yamaha. Hilo si dogo.

Kama wewe unauza piano, unazirekebisha kwa ujira wa chapa fulani au umelipwa kuandika, sema hivyo kwenye ukurasa wako wa mtumiaji. Kwa anayelipwa ni sharti la matumizi ya Wikipedia. Kwa wengine ni adabu.

Hatua ya 9: Ikiwekewa alama ya kufutwa

Usipandishe sauti. Usiseme “kila mpiga piano anaijua”, wala usihesabu mara ngapi jina linatokea kwenye injini ya utafutaji. Njoo na vyanzo viwili vizuri, vitatu ukiweza, na kwa kila kimoja useme kurasa zipi zinahusu modeli yenyewe. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza mjadala huchukua siku 7 kwa kawaida. Kwetu unaweza kukaa miezi bila mtu kusema neno, kwa hiyo mwandikie aliyeweka alama kwenye ukurasa wake wa majadiliano, kwa upole, umuulize ni chanzo kipi kingemridhisha. Mara nyingi anajua asichokitaka lakini hajawahi kuulizwa anachokitaka.

Hukumu zinaweza kuwa nne: kubakiza, kufuta, kuunganisha na makala nyingine, au kuelekeza. Wageni huona kuunganishwa kama kushindwa. Mimi siku hizi mara nyingi napendekeza kuunganisha mwenyewe, hata kwa kazi yangu, kwa sababu ukurasa ukigeuzwa kuwa wa kuelekeza historia yake yote ya hariri hubaki chini yake. Hakuna neno lililopotea.

Ukiwa bado na shaka baada ya hatua zote hizi, fanya hivi usiku huu huu. Fungua makala ya kampuni, ongeza sehemu yenye kichwa “Modeli D”, weka humo aya zako mbili zilizookoka kalamu nyekundu, kila moja na tanbihi yake. Kisha unda ukurasa mpya wenye jina la modeli na uandike ndani yake mstari mmoja tu:

#REDIRECT [[Steinway & Sons#Modeli D]]

Uongeze ukurasa wa kampuni kwenye orodha yako ya maangalizi. Sehemu ile ikifika aya saba au nane na kuanza kuifunika kampuni yenyewe, rudi kwenye ukurasa wa kuelekeza, futa mstari ule, ubandike aya zako mahali pake.